Mtoto Asiyetaka Mboga: Kupenda Chakula Hufundishwa kwa Subira, Si kwa Vita

"Daktari, huyu mtoto hakuli." Sisi maafisa wa lishe tunaohudumia akina mama hapa Kisumu husikia maneno hayo karibu kila siku ya kliniki. Mtoto mwenyewe ana miaka miwili na kitu, yuko pajani, macho yanang'aa. Mama anaeleza kwamba alipokuwa na miezi minane alikula kila alichopewa. Sasa ugali anautaka mkavu, samaki anamsukuma kando, na akiona osuga (managu), mboga chungu ya kienyeji, kwenye sahani analia kabla hata haijamgusa ulimi. Nyanya yake anasema amedekezwa. Baba anasema kiboko kimoja tu, atakula. Mama amechoka, na ndani ya kuchoka huko kuna aibu, kana kwamba mtoto asiyekula ni ushahidi wa mama asiyejua kulea.

Aibu hiyo haina msingi. Hakuna mtoto anayezaliwa akipenda osuga au omena, wale samaki wadogo wa ziwani. Hujifunza kuvipenda kwa kukutana navyo mara nyingi, mahali pasipo na vitisho. Kinachoharibu mafunzo hayo mara nyingi ni haraka yetu sisi wakubwa.

Tuanze na hamu ya kula. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufikisha kilo 9 hivi anapotimiza mwaka mmoja, yaani uzito wake unakuwa mara tatu. Baada ya hapo kasi hushuka sana: kati ya mwaka mmoja na mitano huongeza takriban kilo 2 tu kwa mwaka. Mwili usiokua kwa kasi ile hauhitaji chakula kama zamani, na tumbo lake linajua hivyo kabla ya mama kujua. Leo atamaliza bakuli zima la nyoyo (mahindi na maharagwe), kesho ataonja vijiko viwili aondoke. Ukimwangalia kwa mlo mmoja utaogopa. Mwangalie kwa wiki nzima, na mara nyingi utakuta amekula kinachomtosha.

Jambo la pili linalogongana na umri huo ni hofu ya chakula kigeni. Kwa watoto wengi huanza kujitokeza karibu na miaka 2 na kupungua wanapokaribia kuanza shule ya msingi. Ina maana yake: mtoto aliyejua kutembea anaweza kuokota jani lolote na kulitia mdomoni, na mimea mingi yenye sumu ni michungu. Ulimi huzaliwa ukipenda utamu, kwa kuwa hata maziwa ya mama ni matamu, na ukikwepa uchungu. Ndiyo maana vita vikubwa havipiganwi juu ya viazi vitamu wala ndizi. Hupiganwa juu ya mboga chungu za majani kama osuga, dek (saga) na mitoo. Mtoto anayekunja uso mbele ya mboga hizo hakukosa adabu, na kiboko hakitabadilisha alichozaliwa nacho.

Kinachokibadilisha ni kuonja. Mwanasaikolojia wa Marekani, Leann Birch, alilifanyia kazi swali hili miaka ya 1980. Yeye na wenzake waliwapa watoto wadogo vyakula vigeni tena na tena, wakaona kwamba kadiri mtoto alivyokionja chakula mara nyingi ndivyo alivyokipenda zaidi. Kukitazama tu hakukutosha, ilibidi kifike ulimini. Kwa jumla, mtoto anaweza kuhitaji kuonja chakula kimoja mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali. Sasa jiulize, wewe uliacha kumpa osuga baada ya mara ngapi? Wazazi wengi huniambia mara tatu au nne, kisha wakakata shauri kwamba "yeye hapendi mboga", na tangu siku hiyo mboga haikuwekwa tena kwenye sahani yake. Mafunzo yalikatizwa yakiwa ndiyo kwanza yanaanza.

Najua swali linalofuata, hasa kwa familia za mitaa ya Nyalenda, Manyatta au Obunga ambako fungu la mboga hununuliwa kwa hesabu: nani ana chakula cha kumwaga mara 15? Hakuna cha kumwaga. Mtoto hapikiwi chungu chake. Chota kijiko kimoja cha chai kutoka kwenye sufuria ya wote, kiweke kando ya ugali au kitu kingine anachokijua, kisha kaa kimya. Akionja na kutema, umeshinda, kwa sababu ulimi umekutana nacho. Asipogusa, kijiko hicho kitaliwa na mkubwa. Siku mbili tatu baadaye, rudia. Usimsifu kupita kiasi wala usimkemee, na usitangaze mezani kwamba leo mtoto ameamua kula mboga.

Upande wetu huu wa nchi tuna bahati ambayo tunaisahau: akina nyanya walishatatua tatizo la uchungu zamani. Osuga na dek hazikupikwa kwa haraka zikaliwa jioni ileile. Ziliwekewa maziwa, zikarudishwa jikoni siku ya pili, hata ya tatu, maziwa yakiongezwa kila mara, mpaka uchungu ukalainika na mboga ikawa laini yenye ladha nzito. Huko Kakamega na Vihiga, mrenda hupikwa pamoja na majani ya kunde, likhubi, ili utelezi wa mmoja utulizwe na mwingine. Kuna nyumba huweka njugu zilizosagwa au simsim kwenye mboga. Mapishi haya ni chakula cha watoto kilichokuwepo kabla ya vikopo vya dukani. Maziwa na njugu hupunguza ukali wa uchungu ulimini, na vilevile humpa mtoto mafuta na protini ambayo mboga peke yake haina ya kutosha.

Kwa hiyo mtoto anayeanza asianzishwe na osuga tupu. Anza na mboga zisizo chungu: ododo (terere), majani ya kunde, majani ya malenge. Akishazoea, changanya humo kidogo cha osuga iliyopikwa kwa maziwa, na polepole uongeze kipimo. Kama kwenu mboga huchemshwa na maji ya kwanza kumwagwa, jua kwamba sehemu ya vitamini huenda na maji hayo, na ndiyo maana napendelea njia ya maziwa. Tahadhari moja tu: joto la Kisumu halisamehe. Mboga yenye maziwa ikilala nje ya friji, kila inaporudi jikoni ichemke kabisa, na ikianza kunuka uchachu usiompendeza mtu, isipewe mtoto.

Omena nayo ina kesi yake. Mtoto huona macho yale madogo yakimtazama akakataa. Ondoa vichwa, osha kwa maji moto, kausha na ukaange, halafu siku za mwanzo uzitwange ziwe unga wa kunyunyiza kwenye viazi au uji wa wimbi. Napenda unga huo kwa sababu humpa mtoto madini ya chuma, kalsiamu na protini kwa bei ambayo mshahara mdogo unaimudu. Lakini msiishie hapo. Mtoto anayefichiwa omena kila siku anapata lishe yake, ila hajifunzi kuila omena. Unga uendelee kwenye uji, na samaki mmoja mzima awekwe kando ya sahani, aonekane, aguswe, aonjwe siku atakapokuwa tayari. Kuhusu samaki wakubwa, kipande cha mnofu wa mbuta ni rahisi zaidi kwa mtoto kuliko ngege mwenye miiba midogo. Mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya mnofu kukatwa, uchambueni kwa vidole kabla ya kumpa, usimwachie achambue mwenyewe. Na njugu nzima zisipewe mtoto aliye chini ya miaka 5, kwa kuwa zinaweza kumkaba.

Sasa niseme juu ya kulazimisha, kwa sababu hapa roho yangu huniuma. Bado wapo watoto wanaoshikwa mikono, wakabanwa pua, kijiko kikasukumwa pale wanapofungua mdomo kuvuta hewa. Uji ukiingia njia ya hewa unaweza kufika mapafuni, na mtoto akaugua nimonia au akakosa pumzi. Tafadhali, msifanye hivyo, na mkimwona yaya au jirani akifanya, mzuieni.

Hata kulazimisha kwa maneno tu hakufai. Mwaka 2006 watafiti nchini Marekani waliwapa watoto wa chekechea supu. Walipohimizwa wamalize, walikunywa kidogo kuliko walipoachwa, na wakaisema vibaya zaidi. Hongo nayo ina matokeo yaleyale. Birch na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1984, waliwapa watoto kinywaji cha maziwa yaliyochachushwa, jamaa ya mala yetu, na wengine wakaahidiwa zawadi wakinywa. Waliopewa zawadi waliishia kukipenda kinywaji hicho kidogo zaidi. Ukimwambia mtoto "kula sukuma nikupe soda", umemfundisha kwamba sukuma ni adhabu na soda ndiyo tuzo. Simu yenye katuni mbele ya sahani humfanya ameze bila kujua anameza nini, na asiyejua ladha ya anachokula hajifunzi kukipenda.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aligawa kazi ya mezani kwa namna ambayo naiona inafaa hata kwenye mkeka wa nyumbani kwetu. Mzazi anaamua ni chakula gani, saa ngapi na mahali gani. Mtoto anaamua kama atakula, na kiasi gani. Hiyo nusu ya pili ndiyo wazazi wengi hunibishia. Akikataa kabisa je? Baada ya nusu saa hivi, sahani inaondolewa bila ugomvi, na hakuna kinachopikwa badala yake. Baada ya saa mbili tatu kuna mlo au kitafunio kingine. Mtoto mwenye afya anayewekewa chakula kwa nyakati zinazojulikana hajiachi afe njaa. Ninasema mwenye afya, kwa sababu aliye mgonjwa au aliyepungua uzito njia hii haimfai kabla hajaonwa kliniki.

Lakini saa hizo mbili tatu ziwe tupu kweli. Tukihesabu pamoja na mama kila kilichoingia mdomoni tangu asubuhi, mara nyingi tunakuta mtoto "asiyekula" amekunywa chai na mandazi, akapewa juisi ya pakiti na shangazi, akamaliza pakiti ya krispi kutoka kwenye kiosk, na kikombe cha uji wa sukari kimezunguka naye mpaka adhuhuri. Tumbo lake lina nafasi gani ya samaki? Maziwa ya ng'ombe ni mazuri, lakini kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja yasizidi nusu lita kwa siku, la sivyo yanafukuza chakula kingine. Chai, hasa ikinywewa pamoja na chakula, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga. Wageni nao wanaweza kuombwa kwa heshima: badala ya peremende, waje na ndizi, embe au mapera.

Mtoto huiga pia. Kama baba anasukuma mboga pembeni ya sahani yake, hotuba haitasaidia. Kuleni pamoja, chakula kilekile, ila mdogo awe na sahani yake ili wakubwa wasimmalizie na wewe uone alichokula. Nenda naye soko la Kibuye achague fungu la kunde, aketi na nyanya wakichambua majani. Mboga aliyoishika haitakuwa ngeni kwake jioni. Na wewe uliye mjamzito au unayenyonyesha, mafunzo yako yameshaanza: utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kutoka Philadelphia ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha waliipokea ladha ya karoti vizuri zaidi walipoanza kula. Kula osuga yako kwa raha.

Yote haya yana uzito kwa sababu shibe na lishe si kitu kimoja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Hiyo ni nafuu kutoka asilimia 26 mwaka 2014, lakini bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watano. Ugali mkavu na chai hujaza tumbo la mtoto bila kumjenga.

Wapo watoto ambao kukataa kwao chakula si suala la mazoea. Huku kwenye ukanda wa ziwa, homa pamoja na kukosa hamu ya kula ipimwe malaria siku hiyohiyo. Minyoo, vidonda vya mdomoni, meno yaliyooza na upungufu wa damu vyote huua hamu. Mtoto anayekula udongo au odowa (mawe laini ya udongo) apimwe damu. Anayekabwa au kutapika kila akila, anayekataa kila chakula kigumu, au anayekula vyakula vitatu vinne tu na kupiga kelele akiguswa na kingine, aletwe pia. Kwa baadhi yao, wakiwemo watoto wenye usonji, mguso na harufu ya chakula huwa mateso halisi, na wanahitaji msaada wa kipekee. Mstari wa uzito kwenye kijitabu cha mama na mtoto ukilala au kushuka, usingoje. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza kupima mzunguko wa mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 hapo nyumbani: chini ya sentimita 12.5 ni lazima aje kituoni, na chini ya 11.5 ni hatari kubwa, aje leo.

Wiki za Malezi Bora huwa mwezi wa Mei na Novemba, ambapo watoto hupewa vitamini A na dawa ya minyoo, lakini kliniki ya lishe haingoji miezi hiyo. Ukija, beba kijitabu chake, na kwa siku tatu kabla andika kila anachokula na kunywa. Na kama anayeshinda naye mchana ni nyanya au yaya, njoo naye, kwa sababu yeye ndiye anayeshika kijiko.