Je, wajua kwa nini chai haimwagiki kwenye katamarani, chombo cha tanga chenye miili miwili?

Kutoka Mahé kwenda Praslin, huko Shelisheli, ni kama kilomita 45 kuelekea kaskazini mashariki. Msimu wa kusi upepo hutoka kusini mashariki, kwa hiyo unakipiga chombo ubavuni njia nzima. Hapo abiria wa mashua ya kawaida ya tanga hushika chochote kilicho karibu, maana chombo kimelala upande. Lakini ndani ya katamarani iliyokodiwa pamoja na nahodha na mpishi wake, mpishi anamenya maembe na kikombe cha chai kimekaa mezani bila kushikwa. Chai inacheza tu humo ndani.

Kwa nini? Fikiria umesimama kwenye daladala. Ukibana miguu, kona ya kwanza inakutupa mapajani mwa watu. Ukiitanua, unayumba kidogo tu. Katamarani imetanua miguu: ni kama mitumbwi miwili mirefu na myembamba, iliyounganishwa kwa sitaha moja. Yenye urefu wa mita 14 huwa na upana wa mita 7 na ushei. Ili upepo uilaze, ni lazima uunyanyue upande mzima kutoka majini, na hiyo ni kazi kubwa. Mashua ya mwili mmoja yenye urefu huohuo ni nyembamba zaidi, na hutegemea tani kadhaa za risasi au chuma zilizofungwa chini kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa chombo. Farumi hiyo, yaani uzito huo wa chini, haianzi kuivuta irudi mpaka mashua iwe imeinama kwanza.

Watu wa pwani yetu wanalijua jambo hili tangu zamani. Ngalawa ni mtumbwi mwembamba mno. Ing'oe matengo yake mawili, zile mbao za pembeni zinazoelea, kisha utweke tanga, uone kama itafika mbali. Hata jina katamarani limetoka kwa Watamili wa kusini mwa India: kattumaram, magogo yaliyofungwa pamoja.

Kwa kuwa katamarani haina mkuku mzito, nyingi za urefu huo wa mita 14 huingia majini kina cha mita 1.3 hivi, wakati mashua ya mwili mmoja huhitaji kama mita 2. Kwa mtu anayetembelea visiwa hilo ni jambo kubwa. Unatia nanga karibu na ufuo wa kisiwa cha Curieuse, wanakotembea huru kobe wakubwa wa Aldabra, na usiku wimbi la pembeni likiingia, chombo hakibembei sana. Watu wanalala usingizi wa maana.

Utulivu huo una gharama yake, na ningependa kila anayekodi aijue. Mashua ya mwili mmoja ikizidiwa na upepo hulala. Tanga linainama na kuuachia upepo, watu wanashtuka, wanapunguza tanga. Katamarani haikuonyi hivyo. Inabaki wima, vikombe mezani, huku nguvu kwenye mlingoti na kamba ikizidi kupanda. Na ikipinduka kabisa hairudi, kwa sababu haina farumi ya kuivuta, na ikiwa juu chini inatulia kama ilivyotulia mwanzo. Kwa katamarani kubwa za kukodi ni nadra sana jambo hilo kutokea, lakini nahodha hawezi kulisahau hata siku moja.

Mtazame akiwa kazini. Hangoji chombo kiiname, macho yake yako kwenye kipima upepo. Namba ikikaribia kilomita 35 kwa saa, anamwita mwenzake, wanalishusha tanga kubwa kidogo na kuikunja sehemu yake ya chini. Wanafanya hivyo wakati abiria bado wanaona mambo shwari, wanakunywa chai yao na kuuliza mbona mwendo umepungua.