Mvua ndogo, upepo wa wastani na kebo za daraja

Vijana ninaowafundisha usanifu wa madaraja hapa Dodoma huniuliza mara kwa mara kwa nini mkoa wetu hauna daraja la kebo, yaani lenye barabara inayoshikiliwa na nyaya nene kutoka kwenye nguzo ndefu, kama la Kigamboni jijini Dar es Salaam. Jibu langu ni fupi: mito yetu mingi ni ya mchanga, hukauka kwa miezi mingi ya mwaka, na wakati huo fundi husimamisha nguzo katikati ya mto bila kuisumbua meli yoyote. Kebo hutafutwa pale ambapo maji hayakauki na vyombo vinapita.

Mfano ninaopenda kuutumia ni Daraja la Erasmus mjini Rotterdam, Uholanzi, lililofunguliwa mwaka 1996 juu ya mto Nieuwe Maas. Lina urefu wa mita 802, na nguzo yake moja iliyopinda ina kimo cha mita 139. Kila kebo huivuta barabara kwenda juu, lakini kwa kuwa imelala mshazari, huivuta pia kuelekea kwenye nguzo, hivyo barabara yenyewe hubanwa kwa urefu wake. Jambo hili wanafunzi wengi hulisahau wanapopiga hesabu.

Miezi michache baada ya kufunguliwa, mvua iliponyesha pamoja na upepo, kebo zilianza kuyumba kwa namna ya kutisha na daraja likafungwa kwa muda. Upepo peke yake haukuwa na neno. Nyuma ya nyumba yangu kuna mlingoti wa redio ulioshikiliwa kwa nyaya, na upepo wa Agosti unapovuma, ukiushika waya mmoja kiganja chako husikia mtetemo na mlio. Hivyo ni vizingia vya hewa, yaani hewa inayojizungusha kama maji ya kimbunga kidogo, vinavyokatika kwa zamu nyuma ya waya, na mara nyingi mwendo wake hata hauonekani kwa macho. Mvua huleta jambo jingine kabisa. Maji yanayoteremka juu ya ganda laini la kebo hujikusanya kuwa kijito chembamba, na kijito hicho huiondolea kebo umbo lake la duara. Kebo ikicheza, kijito nacho huhamahama kwa mpigo uleule, na kila mzunguko upepo huongeza nguvu kidogo. Upepo ukizidi sana, hukipeperusha kijito na kebo hutulia, ndiyo maana ninauogopa zaidi upepo wa wastani kuliko dhoruba.

Kule Rotterdam walianza kwa kuzifunga kebo kwa kamba, kisha wakaweka vizuia mtikisiko vya mafuta karibu na barabara, ambavyo kwa kweli ni shokapu za gari zilizokuzwa. Siku hizi ganda la kebo hutengenezwa mara nyingi likiwa na ukingo mdogo unaolizunguka kama uzi wa parafujo, ili kijito kikatike kabla hakijajijenga. Shokapu huchakaa mipira yake kama za gari lolote, kwa hiyo mkaguzi makini, kabla hajainua macho kutazama kebo, hutafuta kwanza doa la mafuta sakafuni.