Hanami: Yanayodhaniwa na Yaliyopo Kuhusu Maua ya Sakura

"Hanami ni tafakuri ya kimyakimya."

Hanami ni desturi ya Wajapani ya kwenda kutazama maua ya sakura, yaani micheri, yanapochanua. Dhana hii ya ukimya imeletwa na picha: msichana mmoja, kimono, mwavuli, maua, na hakuna mtu mwingine. Ukifika bustani ya Ueno, Tokyo, mwishoni mwa Machi, utakuta umati. Watu wametandika maturubai ya buluu chini ya miti, viatu wamevivua wakavipanga pembeni, wanakula, wanakunywa bia na sake (pombe ya mchele), na wapo waliokwisha kulala chali. Kampuni nyingi zilizoea kumtuma mfanyakazi mpya kuanzia asubuhi akawahi nafasi, akailinda turubai mpaka wenzake watoke kazini jioni. Wajapani wenyewe hutaniana kwa msemo kwamba dango, vile vitonge vya unga wa mchele vinavyochomekwa kwenye kijiti, ni bora kuliko maua. Mimi sioni ubaya. Anayetaka utulivu aende Shinjuku Gyoen, bustani nyingine ya Tokyo: kuna kiingilio, na pombe hairuhusiwi.

"Desturi ni ya kale, na miti pia ni ya kale."

Nusu ni kweli. Mfalme Saga aliandaa karamu ya kutazama maua mjini Kyoto mwaka 812. Kabla ya hapo, enzi za Nara (karne ya 8), makabaila walipenda zaidi maua ya ume, mti uliotoka China. Kwa karne nyingi shughuli hii ilikuwa ya wakubwa. Katika karne ya 18 ndipo shoguni (mtawala wa kijeshi) Tokugawa Yoshimune alipoagiza miti ya sakura ipandwe kwenye kilima cha Asukayama, na watu wa kawaida wa Edo, Tokyo ya leo, wakapata pa kutandika mikeka yao.

Mti unaouona katika picha nyingi ni wa juzi tu. Unaitwa Somei Yoshino, na ulianza kusambazwa katika karne ya 19 na watunza bustani wa kijiji cha Somei, ambacho siku hizi kimemezwa na jiji la Tokyo. Hauzalishwi kwa mbegu. Tawi lake hubebeshwa kwenye shina la mti mwingine, kama wanavyofanya wenye vitalu vya miembe, kwa hiyo Somei Yoshino zote zina vinasaba vilevile. Ndiyo maana bustani nzima huchanua kwa pamoja na kupukutika kwa pamoja. Uzuri huo unaosifiwa kama kazi ya maumbile, kwa sehemu kubwa ni kazi ya kisu cha mtunza bustani.

"Baadaye huzaa cheri."

Cheri za kula hutoka kwenye mti wa aina nyingine, na mkoa wa Yamagata ndio unaoongoza kuzilima. Kwenye sakura ya mapambo kinacholiwa zaidi ni jani: hutiwa chumvi na kufungia kitafunwa kiitwacho sakuramochi.

"Joto likizidi, maua huwahi tu."

Mara nyingi ndivyo. Mwaka 2021 maua ya Kyoto yalifikia kilele tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu za zaidi ya miaka 1,200. Rekodi ya awali ilikuwa 27 Machi 1409. Lakini chipukizi huhitaji baridi ya kutosha ili liamke. Kusini mwa Kyushu, kisiwa kikubwa cha kusini mwa Japani, majira ya baridi yenye joto yanaweza kuchelewesha maua badala ya kuyawahisha. Kwa hiyo usiiamini sana kalenda. Tokyo, maofisa wa hali ya hewa hukagua mti mmoja wa mfano katika hekalu la Yasukuni, na maua matano au sita yakishafunguka, msimu hutangazwa. Kilele hufika baada ya wiki moja hivi.

"Ukikosa Tokyo, umekosa yote."

Okinawa, visiwa vya kusini kabisa, huanza Januari, kwa sakura ya aina nyingine yenye rangi iliyokolea. Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, hufuata hadi Mei. Mimi ningechagua Hirosaki, mkoani Aomori, mwishoni mwa Aprili. Hata Wajapani wengi huamini kwamba Somei Yoshino haivuki miaka 60, ilhali Hirosaki upo mti uliopandwa 1882 na bado unachanua. Aomori ni nchi ya matofaa, na watunza bustani wa huko huipogoa sakura kama wanavyopogoa mitofaa, jambo linalosemekana kuirefushia maisha. Weka nafasi ya malazi mapema, maana msimu wake hugongana na Golden Week, likizo ambayo Wajapani wengi huwa safarini.