Hôtel de Beauvais: ua mnyoofu kwenye kiwanja kilichopinda

Katika Paris ya karne ya 17, kabaila aliyejenga mjini alifuata desturi moja: nyumba ya kuishi ikae nyuma, kati ya ua na bustani, na mpita njia aone ukuta na lango tu. Hôtel de Beauvais, iliyopo mtaa wa François-Miron katika eneo la Marais, iliigeuza desturi hiyo kichwa chini miguu juu. Ndiyo maana mimi, msanifu majengo ninayefuatilia nyumba za zamani, huwa naitaja kabla ya majumba makubwa kuliko hilo. (Si hoteli ya kulala wageni, kama jina linavyoweza kukudanganya; "hôtel" hapa ni jumba la mjini la watu wenye hadhi.)

Mwenye nyumba hakuzaliwa kabaila. Catherine Bellier alikuwa mtumishi mkuu wa chumbani kwa Malkia Anne wa Austria, mama yake Louis XIV, mfalme wa Ufaransa. Alikuwa na chongo, na umbea wa ikulu ulidai kwamba ndiye aliyemfunza mapenzi mfalme akiwa bado kijana. Mumewe, Pierre Beauvais, alikuwa mfanyabiashara wa utepe. Utajiri na cheo walivipata kwa hisani ya malkia.

Kazi ya kujenga walimpa msanifu Antoine Le Pautre katikati ya miaka ya 1650. Kiwanja kilikuwa balaa: viwanja vya zamani vilivyounganishwa, pembe hazilingani, upande mmoja barabara kuu na nyuma mtaa wa Jouy. Nyumba ya kuishi akaisogeza mbele kabisa, barabarani. Chini akaweka maduka ya kupangisha, jambo ambalo kabaila wa ukoo mkongwe angeona haya kulifanya.

Ukipita langoni unaingia ukumbi wa duara wenye nguzo za Kidoriki (mtindo sahili wa Ugiriki ya kale), halafu ua unafunguka mbele yako. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Ua unazidi kuwa mwembamba kuelekea nyuma na kuishia kwa mviringo, na kuta zake za kulia na kushoto zinajibizana kana kwamba kiwanja kimenyooka. Nyuma ya kuta hizo vyumba vina maumbo ya kila aina. Le Pautre aliuficha upindo wote huko, kama fundi cherehani anavyoficha mshono kwa ndani. Mabanda ya farasi yalikuwa mwisho wa ua, na bustani, iliyokosa nafasi ardhini, ikapandishwa juu ya paa lake. Tazama pia vichwa vya kondoo dume vilivyochongwa ukutani: kwa Kifaransa, kondoo dume hutamkwa kama jina la Bellier.

Roshani ya mbele ilipata siku yake tarehe 26 Agosti 1660. Malkia Anne na Kadinali Mazarin, waziri mkuu wa mfalme, walikaa hapo kutazama Louis XIV akiingia mjini na bibi harusi wake, Marie-Thérèse. Kwa nyumba ya aliyekuwa mtumishi, heshima kubwa kuliko hiyo sijui ingekuwa ipi. Mwishoni mwa 1763 Mozart, mtunzi wa muziki wa baadaye, akiwa mtoto wa miaka 7, alifikia humo na familia yake, kwani aliyekuwa akiishi humo ni balozi wa Bavaria, dola la Kijerumani.

Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa jumba lilitaifishwa, likauzwa, likagawanywa kuwa makazi ya wapangaji na kuchakaa vibaya. Chini yake bado kuna vyumba vya Enzi za Kati vyenye matao ya Kigothi, mali ya zamani ya watawa wa abasia (monasteri) ya Chaalis. Tangu 2004, baada ya ukarabati mkubwa, humo imo mahakama ya rufaa ya kesi za kiutawala ya Paris.