Kabla Hujakanyaga Tope: Yanayosemwa Kuhusu Vikundi vya Mikoko

Likizo ndefu zikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana: "Nasikia mnachukua watu wa kupanda mikoko. Mtu anajiungaje?" Kujiunga si shida. Shida ni picha wanazokuja nazo kichwani: watu wamevaa fulana zinazofanana, kila mmoja kashika mche, nyuma yao bahari. Nimeona niyaandike hapa yale ninayoyarudia kila mara, ili atakayekuja aje akijua.

"Kazi yenyewe ni kuchomeka vijiti tu"

Kuchomeka kupo, lakini ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, ikarefuka kama ganda la mlonge, kisha ikadondoka. Mgeni huanzia hapo, kwenye kuokota na kuchuma. Utafundishwa kutazama shingo, pale mbegu inapoungana na tunda. Ukiona pete ya manjano, imekomaa, ukiigusa inachomoka. Ikikulazimu kuivuta kwa nguvu, iache. Kisha unakaa kivulini kuchambua: iliyotobolewa na wadudu kando, iliyovunjika ncha kando.

Ndipo unachomeka, kama thuluthi moja ndani ya tope, ncha iliyochongoka chini. Usicheke. Nimewahi kukuta safu nzima imepandwa kichwa chini miguu juu na wageni wa siku moja, tukabaki nyuma tunaigeuza mmoja mmoja huku maji yanapanda. Na ukipanda kwa nafasi ya mita moja, hekta moja inakula miche 10,000. Mgongo wako utajua maana ya hesabu hiyo kabla ya saa nne asubuhi.

"Penye tope na maji ya chumvi, mkoko utamea"

Dhana hii imeua miche mingi kuliko kaa na mbuzi wakijumlishwa.

Tunaposema "mikoko" tunataja ukoo mzima. Kenya ina aina 9, na kila moja ina kwake. Mlilana hukaa mbele kabisa, unapigwa na mawimbi. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule wa mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, halafu muia (wengine huuita msinzi) na mkandaa. Nchi kavu ikikaribia unakutana na mchu, ingawa huo ni mjanja, unaweza kuuona hata mbele upande wa bahari. Anayewapangia mahali ni maji: bahari inafika pale mara ngapi kwa mwezi, na ikifika inakaa muda gani. Kwetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hupanda hadi yakafika mahali ambapo maji mafu, yale madogo ya mwezi nusu, hayagusi kabisa. Kwa hiyo panapolowa kila siku na panapolowa kwa bamvua tu ni mashamba mawili, hata kama kati yao ni hatua mia. Mvuvi analijua hili bila kufundishwa. Mwenye pesa za mradi, mara nyingi halijui.

Yeye hupenda ufuo ulio wazi, kwa sababu hauna mwenyewe wa kugombana naye na unapendeza kwenye picha. Hajiulizi kwa nini uko wazi. Wafilipino wamepitia haya kabla yetu: walipanda mamilioni ya miche kwa miongo kadhaa, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ikaonyesha kwamba iliyobaki hai kwa muda mrefu kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 20 tu. Sababu kubwa ilikuwa aina isiyofaa mahali pasipofaa. Walichomeka mkoko, kwa kuwa mbegu yake ni kubwa na rahisi kushika, kule chini kwenye maji ambako mlilana na mchu ndio wenye kwao.

Huku kwetu pia. Kampuni moja, nisiitaje, ilileta wafanyakazi wake, spika na maelfu ya miche ya mkoko, wakaichomeka kwenye ukingo wa mchanga. Mzee mmoja mvuvi wa kaa alisimama akawatazama, akamwuliza kiongozi wetu: "Hapa mwanangu mnapanda, au mnaweka alama za mpaka?" Bamvua mbili baadaye hata alama hazikuwepo.

Tena kuna mahali ambapo kupanda siyo dawa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hadi hori la Mwache, mkono wa bahari ulio karibu na Mombasa, ukafukia mizizi ya kupumulia na msitu ukafa umesimama. Kwa hiyo swali la kwanza la kikundi chochote chenye akili ni nini kiliua miti iliyokuwepo. Ikiwa ni mfereji ulioziba, siku nzima utashika sepetu, na huenda usiguse mche hata mmoja. Maji yakifunguliwa, mbegu huja zenyewe.

"Kuna pesa za kaboni, mtu anatoka"

Pesa zipo, sikatai: msitu hunyonya hewa ukaa na kuihifadhi, na wanaotaka kufidia hewa ukaa wanayotoa hulipa ili uendelee kufanya hivyo. Mikoko Pamoja, mradi wa vijiji vya Gazi na Makongeni, kaunti ya Kwale, imeuza kaboni tangu 2013 kwa msitu wa hekta 117, kama tani 3,000 kwa mwaka, na mwaka 2017 ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2019 wakafuata wanavijiji wa Vanga, Jimbo na Kiwegu kwa hekta 460. Lakini fedha hizo ni za kijiji: zimeleta maji, vitabu vya shule na mengine yanayoamuliwa kikaoni. Hakuna anayekatiwa kipande cha kaboni akaenda nacho nyumbani. Wala kaboni yenyewe haikai sana kwenye kijiti ulichochomeka jana. Sehemu kubwa imo kwenye tope, chini ya msitu uliokwisha simama. Ndiyo maana kulinda msitu uliopo ni kazi kubwa ya vikundi hivi, japo haina picha nzuri.

Wewe unayejiunga uliza mapema, bila haya: kuna posho? Nauli? Chakula? Ada ya uanachama ni kiasi gani? Kiongozi akikujibu kwa mafumbo, umeshajibiwa.

"Lazima uwe msomi", "lazima ujue kuogelea", "ni kazi ya akina mama"

Hapana, hapana, na hapana. Tunafanya kazi maji yakiwa yamepwa. Mkivuka kwa mtumbwi, dai jaketi la kuokolea na ulivae. Kuhusu akina mama, wanaume wengi hutoroka wiki ya pili, wao wanabaki. Wa Gazi wana hata njia yao ya mbao inayopita msituni, mgeni analipa ndipo apite.

"Nunua buti za mpira"

Mimi nilinunua. Siku ya kwanza nilizama hadi gotini, nikavuta mguu, mguu ukaja na soksi tu. Buti liko huko hadi leo, labda kaa amepata nyumba. Tope linanyonya, na buti pana ndilo linalolipenda. Vaa raba kuukuu za kufunga kamba, uzikaze barabara, na soksi ndefu. Lakini usiende pekupeku kwa ushujaa: chaza walioganda kwenye mizizi wanachana kama wembe. Na mizizi ya mchu na mlilana iliyosimama juu kama misumari usiikanyage, kwa ajili yako na kwa ajili ya mti, maana ndiyo pua yake.

"Tope linanuka kwa uchafu, na mikoko inazaa mbu"

Harufu ile kama ya yai viza hutokana na udongo usio na hewa, ambamo majani yanaoza polepole. Si kinyesi. Kuhusu mbu, kuna ukweli nusu. Panaposafishwa na maji kila siku viluwiluwi vya mbu havitulii. Vidimbwi vinavyobaki nyuma, upande wa nchi kavu, kati ya bamvua moja na nyingine, hapo utaumwa. Vaa nguo ya mikono mirefu.

"Pwani ni yetu, nitapanda nitakapo"

Nchini Kenya misitu ya mikoko ni ya umma, chini ya Shirika la Huduma za Misitu, na wanakijiji huingia kupitia chama cha msitu cha jamii kinachotambuliwa na sheria ya 2016. Tanzania nenda TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Hata boriti moja ya banda la kuku ina kibali chake.

"Ukishapanda, umemaliza"

Kaa hukata miche michanga usiku. Vijigamba vidogo vya baharini huganda kwenye shina hadi likalala. Mbuzi na ng'ombe wanaupenda mchu kama mchicha. Hivyo tunarudi kila baada ya muda, mmoja na daftari, mwingine na kamba yenye mafundo, tunahesabu palepale tulipohesabu mara iliyopita.

Safari yetu ya mwisho miche ya safu ya chini ilikuwa karibu yote imekufa. Mwenyekiti alifunga daftari bila kusema neno, akapanda juu kidogo, kule ambako hatukupanda chochote, akainama. Palikuwa na miche ya mkandaa, imejiotea yenyewe, imesongamana. Alituambia tutoke kwa njia ya nyuma tusije tukaikanyaga.