SAT na udahili wa mapema Marekani: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Ukipata 1500 umeshaingia.
SAT, mtihani wa kuombea vyuo vikuu vya Marekani, ina alama 1600: 800 za Kusoma na Kuandika, 800 za Hisabati. Vyuo vinavyochuja sana hutangaza alama za robo ya chini na robo ya juu. Tuseme chuo kimeandika 1500–1560. Maana yake, kati ya waliojiunga na kuwasilisha alama, kama robo walikuwa na 1500 au pungufu. Waliokataliwa na 1550 zao mkononi hawamo kwenye hesabu hiyo, nao ni wengi.

Dhana: Siku hizi SAT ni hiari kila mahali.
Hiyo ni habari ya wakati wa korona. MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022. Mwaka 2024 Dartmouth, Brown, Harvard na Caltech wakatangaza vivyo hivyo. Kwa upande mwingine, University of California haiangalii SAT kabisa inapochagua, hata ulete 1600.

Dhana: Jibu lisilo sahihi linakukata alama.
Halikati tangu 2016, kwa hiyo usiache swali wazi. Panapoumiza ni kwingine. SAT ya kompyuta hugawa kila somo sehemu mbili, na ugumu wa ya pili hutegemea ulivyofanya ya kwanza. Ukiiparamia ya kwanza ukaboronga, utapewa ya pili iliyo nyepesi, na hapo hata ukipata yote, 800 huioni tena.

Dhana: Kurudia mtihani kunakuchafulia jina.
Vyuo vingi huchukua alama bora ya kila somo. Agosti umepata 690 na 760, jumla 1450. Oktoba 730 na 690, jumla 1420. Ofisi ya udahili itasoma 730 na 760, yaani 1490. Kwa maombi ya mapema yanayofungwa 1 Novemba, mtihani wa Oktoba ndio wa mwisho usio na presha. Vipo vyuo vinavyopokea wa Novemba. Hakikisha kwenye tovuti ya chuo chenyewe.

Dhana: Kuomba mapema ni kuwahi foleni tu.
Hapa ndipo watu hujifunga bila kujua. Njia ya kuomba mapema iitwayo Early Action haikufungi: jibu hutoka kama katikati ya Desemba, nawe una hadi 1 Mei kuamua. Harvard, Yale, Princeton na Stanford wana aina yao: haifungi, ila inakuzuia kuomba mapema kwenye vyuo binafsi vingine. Njia nyingine, Early Decision, ni mkataba. Mwombaji, mzazi na mshauri wa shule hutia saini; ukikubaliwa, unafuta maombi mengine yote.

Mlango wa kutokea kwenye mkataba huo upo mmoja, fedha. Msaada wa ada kutoka chuoni usipotosha, kwanza unaomba upitiwe upya. Bado pengo likibaki, unaruhusiwa kujitoa. Ila hutakuwa na ofa nyingine ya kulinganisha nayo, na hiyo si hasara ndogo kwa familia inayohesabu ada kwa shilingi. Fomu ya CSS Profile, ya kuombea msaada huo, na hati za mapato ziandaliwe Oktoba, na zilizo kwa Kiswahili zitafsiriwe. Usidanganye kwamba huhitaji msaada ili upenye: vyuo vingi havimruhusu mwanafunzi wa kimataifa kuuomba baadaye. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Dartmouth na Amherst hawaangalii uwezo wako wa kulipa wanapochagua.

Dhana: Asilimia ya wanaokubaliwa mapema ni kubwa, basi nafasi yangu ni kubwa.
Ndani ya asilimia hiyo wamo wanamichezo waliokwisha kutafutwa na makocha, na kwingineko watoto wa waliosoma hapohapo. Waondoe hao, faida hupungua.

Dhana: Kuahirishwa ni kukataliwa kwa adabu.
Chuo hakijakukubali wala kukukataa: faili lako linahamia kundi la waombaji wa kawaida na kusomwa tena. Kama uliomba Early Decision, mkataba umekufa siku hiyo: hata wakikukubali Machi, uko huru kwenda kwingine. Tuma alama za mtihani wa Desemba kama zimepanda, pamoja na matokeo ya muhula wa kwanza.