Nanaa haichemshwi: dhana potofu kuhusu vinywaji vya majani ya bustanini

"Nimeichemsha nusu saa nzima, mbona haina ladha?" Wanafunzi wa mapishi huuliza hivyo kila mara, na jibu limo humo humo kwenye swali.

Harufu ya nanaa inatokana na mafuta mepesi ambayo hupaa pamoja na mvuke. Jikoni kukinukia sana, ujue kwenye sufuria hakujabaki kitu ila uchungu na maji ya kahawia. Chemsha lita 1 ya maji, zima moto, yaache dakika 2. Tia nanaa ya kujaa ngumi, kama gramu 20, ufunike papo hapo. Baada ya dakika 7, rudishia ndani matone yaliyoshika kwenye mfuniko, maana yamebeba harufu, kisha chuja. Na tafadhali, ndimu ikamuliwe kinywaji kikishapoa: asidi kwenye maji ya moto huondoa ukijani upesi zaidi. Mrehani nao ni hivyo hivyo.

Mchaichai ndio unaostahimili moto, kwa kuwa shina lake ni gumu. Ligonge kwa mchi, katakata, chemsha dakika 10 kwa moto mdogo, sufuria ikiwa imefunikwa.

"Ukiitwanga nanaa ikalainika, ladha inaongezeka." Kinachoongezeka ni uchungu. Ibane viganjani mara 2 au 3, inatosha.

"Majani makavu na mabichi ni kijiko kwa kijiko." Hapana. Palipoandikwa vijiko 3 vya mabichi, tia 1 cha makavu.

"Kinywaji hakina pombe, kwa hiyo hakichachi." Hii ni ya hatari. Maji ya tangawizi au ya choya (rosela) yaliyotiwa sukari, yakikaa mezani siku 2 au 3 kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, hamira ya asili huanza kula sukari: povu, gesi, na pombe yenyewe. Chupa ya kioo iliyofungwa inaweza kupasuka. Weka kwenye friji, umalize ndani ya siku 3. Anayetaka akiba atengeneze shira: sukari gramu 200 na maji mililita 200, sukari ikiyeyuka zima moto, tia majani, funika dakika 20, chuja. Kwenye friji hukaa wiki 1.

Chuma asubuhi, umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali, na uchume zile ncha changa ambazo bado hazijatoa maua.